Viti vya Familia na Mama Aliyekwisha Kuingia

Wewe unayeanza kazi ya dirisha la tiketi, weka simu chini kidogo unisikilize. Nimekaa nyuma ya kioo kile miaka mingi, katika ukumbi wa michezo wa chuo kimoja hapa Birmingham, na tangu nistaafu sina wa kumsimulia ila wajukuu zangu. Nao nikifika katikati ya habari hunikumbusha kwa Kiingereza kwamba hiyo nimekwisha kuwasimulia. Basi leo nakusimulia wewe, ambaye hujaisikia, tena utaihitaji.

Watu hudhani kazi yetu ni kupokea malipo na kutoa tiketi. Hiyo mashine inaweza. Kazi yetu ni kumweka mtu pale ambapo atakiona alichokuja kukiona.

Mimi mwenyewe sikulijua hilo nilipoanza. Nilikuwa nimetoka Tanga, nakaa Sparkbrook na dada yangu, na nilichokuja nacho kutoka kwetu ni adabu. Basi siku ya kwanza dirishani nikamsalimu kila mteja kama inavyopasa. Umeamkaje, watu wa nyumbani hawajambo, watoto je, kazi inakwendaje? Waingereza wa kwanza walishtuka, wakatazama nyuma kuona kama nasema na mtu mwingine. Kisha wakazoea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana walianza kujibu. Mzee mmoja alinieleza habari za goti lake tangu lilipoanza kuuma mpaka daktari alivyosema. Foleni ikatoka mlangoni, ikapita pale wanapofungia baiskeli, na mchezo ukaanza wakiwa nje.

Mkuu wa dirisha siku zile alikuwa Doreen, mwanamke wa Kings Heath, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Yeye alimwita kila mtu "bab", neno la Birmingham la kumwita mtu kwa mapenzi, awe bosi au mfagizi. Akaniletea kikombe cha chai, akainama sikioni kwangu.

"Bab, unamuuzia tiketi au unaolewa naye?"

Nikacheka mpaka nikamwaga chai. Lakini hakunikataza kusalimu, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alinifundisha kufupisha. "Msalimu mara moja," alisema, "halafu muulize amekuja kumtazama nani. Jibu lake litakuonyesha pa kumweka."

Ukilifikiri swali hilo utaona lilivyo na faida. Mtu akisema hana mchezaji wake, amekuja kutazama mchezo tu, mpe kiti cha juu katikati, aone uwanja mzima. Akisema amekuja kumwona mjukuu wake aliyejiunga na timu juzi, ujue mjukuu huyo atakaa benchi muda mwingi. Sasa mtu asiyejua atamweka babu huyo nyuma ya benchi, karibu kabisa, akidhani anamfanyia hisani. Babu atatazama kisogo saa nzima. Mweke ng'ambo, upande unaoelekeana na benchi, auone uso wa mtoto.

Mengine nakwambia harakaharaka. Ukimwonyesha mteja ramani ya viti, igeuze imwelekee yeye, si wewe, la sivyo kushoto kwake kutakuwa kulia na atarudi kugombana. Kiti cha nyuma ya nguzo kiuze, lakini mwambie kuna nguzo kabla hajalipa. Zamani tulikuwa na tiketi za karatasi za kuchana. Siku hizi zote zimo kwenye simu, na simu zina maradhi ambayo karatasi haikuwa nayo. Kioo kimepasuka, mwanga hafifu, chaji imekwisha. Weka chaja chini ya kaunta. Na mtu akikuletea picha ya tiketi aliyoipiga kwa simu nyingine, picha imetikisika, kidole kimo ndani, usimcheke. Mtafute kwa jina, mwingize.

Sasa nikupeleke kwenye safu ya familia, maana huko ndiko habari yangu iliko.

Nyuma ya benchi la wenyeji palikuwa na safu moja ya viti ambavyo haviuzwi. Viliwekwa kwa ajili ya familia za wachezaji, bure. Utaratibu wa zamani ulikuwa tiketi mbili kwa kila mchezaji, baba na mama. Kisha wakaanza kuja watoto wetu, wa Tanzania, wa Kenya, wa Kongo, wakajiunga na timu za mpira wa kikapu. Jumamosi moja binti mmoja wa asili ya Unguja alifikiwa na kundi la wanawake waliovaa vizuri kama wanakwenda harusini. Bi Helen, mkuu wa idara ya michezo, mtu wa haki sana, alishuka kuwapokea. Akauliza kwa upole, "Ni yupi mama wa mchezaji?"

Wote wakajibu pamoja, "Mimi."

Bi Helen akanitazama kupitia kioo, macho yakiomba msaada. Nikatoka nikamweleza: huyu kamzaa, huyu ni mama mkubwa, yule mama mdogo, na yule wa mwisho ni shangazi aliyemlea hadi akaanza shule. Hakuna aliyesema uongo. Bi Helen alifikiri, kisha akabadilisha utaratibu. Kila mchezaji angepata tiketi za familia kadiri ya watu wake, ili mradi safu isijae. Tulifurahi sana. Bila shaka safu yetu ilikuwa na kelele kuliko zote, na mara nyingine biriani ilipita mkono kwa mkono chini ya viti, ingawa bango lilikataza chakula.

Muda ulipita, na idara ikampata naibu mkuu mpya, Gareth, aliyesimamia siku za mechi. Nikisema sikumpenda nitakuwa mwongo. Alikuwa mcheshi, anakumbuka majina, anatuletea donati. Siku moja akaegemea kaunta yangu.

"Mwanaidi, una kazi nyingi mno. Hizi tiketi za familia niachie mimi."

Nikamshukuru, kwa kweli nilimshukuru. Kuanzia hapo wachezaji walimpa yeye majina, naye ndiye aliyezituma tiketi.

Baada ya hapo nikaanza kuwaona wageni katika safu ile. Watu nisiowajua, hawafanani na mchezaji yeyote. Sasa hapa nataka unielewe, maana hapa ndipo adabu yangu iliponifunga mdomo. Kwetu mtu akija kwenye shughuli, humwulizi ameitwa na nani. Unampisha, unampakulia, na baadaye utajua kama ni wa bibi harusi au wa bwana harusi. Safu ile kwangu ilikuwa shughuli. Nikimwona mzungu mwenye kofia amekaa kiti cha shangazi wa mtu, najiambia huyo atakuwa mkwe. Watoto wetu hapa Birmingham wanaoa na kuolewa kila upande, nimwulize kwa nini? Nitamwaibisha. Nikawa nawapungia mkono, nao wananipungia. Wamelelewa vizuri, nikawaza.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mechi ya Neema.

Neema alikuwa binti wa Kikongo, anakaa Sparkhill na mama yake, wawili tu. Alicheza miaka yake yote ya chuo na mama hakuwahi kumwona, kwa sababu Jumamosi ilikuwa zamu yake kwenye nyumba ya wazee, katika chumba cha kufulia. Kila mechi Neema alitupa jicho kwenye safu ya familia kabla ya kuanza, kisha anaendelea na mambo yake. Sasa ilibaki mechi moja tu ya nyumbani, fainali, kisha anamaliza chuo.

Katikati ya wiki alikuja dirishani anarukaruka.

"Anti, Mama anakuja! Serious, safari hii anakuja. Amebadilishana zamu, atafanya ya asubuhi."

"Tiketi yake unayo?"

"Gareth amesema itamsubiri mlangoni."

"Basi nitamkalisha mwenyewe," nikamwambia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wageni walikuja na mabasi mawili, wote skafu za rangi ya chungwa, na tiketi zao zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Mechi ikaanza bila Mama Neema kutokea. Nikawa natazama mlango kuliko mashine. Kumbe basi lilikuwa limekwama Stratford Road, mbele yake kuna gari lililoegeshwa vibaya nje ya duka la nyama, dereva kaingia kununua mbuzi. Akashuka, akaja kwa miguu. Alifika mapumziko yanakwisha, koti juu ya sare ya kazi, jasho usoni.

"Dada, mimi njo mama ya Neema. Nimetoka ku kazi mbiyo-mbiyo. Bado anacheza?"

"Bado, mama. Karibu sana."

Nikamtafuta kwenye kompyuta. Jina lake lilikuwapo, na pembeni yake alama ya kijani. Maana yake tiketi imeshapita mlangoni.

Nikamwambia kama nilivyoona. "Mama, hapa inaonyesha kwamba mama wa Neema amekwisha kuingia."

Akanitazama. Akajitazama, koti, viatu, kila kitu.

"Kama niko mule ndani, uyu anasimama hapa ni nani?"

Unaweza kucheka, nami ningecheka, ila macho yake yalikuwa yanajaa. Na mimi, badala ya kushtuka, nikaanza hesabu za ukoo. Lazima ni mama mdogo, nikawaza, kafika mapema akaingia kwa jina la dada yake.

"Labda ni mdogo wako aliyetangulia?"

"Mudogo wangu iko Uvira, ku Kongo!"

"Mama mkubwa je?"

"Dada, hapa Birmingham mama ya Neema ni mimi peke. Mimi na Mungu."

Ukumbi ulikuwa umejaa kabisa, na sheria ya moto hairuhusu hata mtu mmoja kusimama kwenye ngazi. Bila kiti sikuweza kumwingiza. Ndani firimbi ikalia, kipindi kingine kikaanza. Nikamwomba mwenzangu ashike dirisha, nikamwambia Mama Neema asimame pale pale kwenye mlango wa kioo, nikashuka kwenda kumtafuta huyo mama mwingine.

Kiti cha mama wa Neema kilikuwa na mwanamume mkubwa, ndevu nyekundu mpaka kifuani. Skafu yake ilikuwa imekunjwa ndani ya jaketi, lakini kipande cha rangi ya chungwa kilichungulia. Pembeni yake wanaume wengine wawili, kwenye viti vya familia ya mchezaji mwenzake Neema. Bado adabu ilinishika. Nikasimama kwanza. Mkwe, nikajiambia. Huwezi kujua.

Ndipo Neema akasimama kwenye mstari kupiga mitupo huru miwili. Ukumbi ukanyamaza. Akatupa, mpira ukazunguka ukingoni ukatoka nje.

Yule bwana akaruka juu na ngumi mbili hewani. "Safi! Kosa na wa pili!"

Basi. Mkwe anaweza kuwa wa kabila lolote na dini yoyote, lakini sijamwona mkwe anayeshangilia binti wa nyumbani akikosa. Nikamwinamia.

"Samahani, bwana. Wewe ni mama wa Neema?"

Akanitazama, kisha akatazama ndevu zake mwenyewe. "Nimeitwa mengi maishani, mama, lakini hilo ni jipya."

"Kiti hiki ni cha mama wa yule mchezaji. Wa namba tisa. Umekipataje?"

Akanieleza bila kuficha, maana hakuwa na la kuficha. Tiketi za upande wao zilikuwa zimekwisha, wakaona tangazo mtandaoni, wakalipa, tena bei kubwa, wakatumiwa tiketi kwenye simu. Muuzaji aliwapokea kwenye maegesho ya magari, akawaambia waingie taratibu na skafu zifichwe.

"Mtu mwema sana," akasema. "Yule pale. Katuleta mpaka mlangoni."

Akanyoosha kidole. Pale ukutani, katika koti la bluu la chuo, alisimama Gareth. Alituona tunamtazama. Tabasamu lake lilikuwa bado lipo, lakini halikuwa na mwenyewe.

Nilimpenda Gareth, nimekwambia. Na alikuwa bosi wangu. Kama ningerudi dirishani nikamwambia Mama Neema kwamba ni kosa la kompyuta, hakuna ambaye angejua. Kompyuta haina wa kuitetea. Lakini nilipogeuka nilimwona mama yule nyuma ya mlango wa kioo, ameweka viganja viwili kando ya uso ili aone ndani, na kutoka pale alipo asingeweza kuona chochote ila migongo ya watu. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Helen, aliyekuwa amekaa mwisho wa safu ya mbele, nikamweleza kwa maneno machache. Hakuuliza mara mbili. Akamwita Gareth kwa kidole.

"Ni kweli?" akamwuliza.

Gareth alijaribu kucheka. "Helen, unawajua hawa. Kila mtoto ana mama kumi. Viti viwili vitatu vikikosekana, nani atajua?"

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, kwa mara ya kwanza katika kazi ile. "Kuwa na mama wengi si kuwa na wa ziada, Gareth," nikamwambia. "Tena kati yao wote hakuna mwenye ndevu."

Bi Helen hakucheka. Alimwambia Gareth akamsubiri ofisini. Halafu akasimama akaniambia, "Kiti changu hiki. Mlete mama."

Lakini yule bwana mwenye ndevu alikuwa amesikia kila neno, maana hakuwa mbali. Akainuka na jaketi lake.

"Hapana," akasema. "Akae hapa, pake. Mimi nitakaa cha bosi. Nina mama mimi pia, akisikia nimekalia kiti cha mama wa mtu atanichapa hata na umri huu."

Nilikimbia ngazi zile kama msichana. Mama Neema aliingia ameushika mkono wangu kwa nguvu, akakaa. Neema alikuwa ng'ambo ya uwanja anakaba. Mpira ulipotoka nje aligeuka, akatupa jicho kwenye safu ya familia kama alivyozoea, akarudisha uso kwenye mchezo. Kisha akageuka tena.

Sitakudanganya kwamba walishinda. Walishindwa, tena vibaya. Lakini kwa Mama Neema ile ilikuwa fainali nyingine kabisa. Hakujua kanuni hata moja. Kila Neema alipoguswa aliinuka. "Mwamuzi! Anamusukuma mutoto yangu, weye unaangalia tu?" Neema alipofunga alipiga vigelegele mpaka mabasi mawili ya wageni yakamgeukia, na bwana mwenye ndevu, kutoka kiti cha bosi, akampigia makofi. Baada ya mechi Neema alikuja mbio jinsi alivyo, jasho tupu, akamwangukia mama yake juu ya koti na sare. Niliwaacha. Kuna wakati kazi ya mwuza tiketi ni kuondoka.

Uchunguzi ulifanywa, nami nikaitwa nikasema nilichoona, bila kupunguza wala kutia chumvi. Ilibainika Gareth alikuwa akiuza viti vile muda mrefu, akiwaandika wanunuzi kama shangazi na wajomba wa watoto wetu. Akafukuzwa. Waliouziwa wakarudishiwa fedha zao. Siku moja nilikutana naye High Street ya Kings Heath, kabeba mifuko ya sokoni, nikamsalimu. Aliitikia. Hatukuwa na zaidi.

Lililonitia hofu ni lililofuata. Wakubwa walitaka kurudi kwenye utaratibu wa zamani: tiketi mbili, baba na mama, basi. Walisema ndugu wengi ndio waliofungua mlango wa wizi. Bi Helen akanipa nafasi ya kusema katika mkutano wao. Niliwaeleza polepole, kama ninavyokueleza wewe. Nikawaambia mlango haukufunguliwa na shangazi wa mtu yeyote. Ulifunguka siku tiketi zilipoacha kupita mikononi mwa mtoto mwenyewe, na sisi wengine, mimi nikiwa wa kwanza, tukaona aibu kuuliza. Kumwuliza mtu amekuja kumtazama nani si kumkosea adabu. Anayempenda mchezaji hufurahi kuulizwa; atakuonyesha na picha zake za utotoni. Wakakubali, na safu ikabaki ndefu kama ilivyokuwa.

Basi nawe siku ya mechi fanya hivi. Usimkabidhi naibu tiketi za familia, wala kocha, wala rafiki mwenye haraka. Mwite mchezaji dirishani, akutajie kwa mdomo wake watu anaowataka, kisha zitume kwenye simu yake mwenyewe, na umwache yeye ampelekee mama yake.